Poda Siku ya Akika

Mtoto mchanga wa kaka yangu alibusiwa shavuni na mtoto mwenye surua, mbele ya akina mama wa mtaa wetu wote hapa Mitole, na huyo mwenye surua ni binti yangu, na mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Aibu hii naianika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine (wao wanaongeza chumvi).

Wiki ile nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba na daftari, nikiandika watoto wenye homa na vipele, nikisisitiza mgonjwa asipelekwe kwenye shughuli. Asubuhi ya akika, shughuli ya kumnyoa mtoto wa kaka, nikaona vipele nyuma ya masikio ya binti yangu Salma. Macho mekundu, kikohozi kidogo. Angekuwa wa jirani ningemwandika bila kusita. Kwa kuwa ni wangu, nikasema ni joto. (Chanjo yake ya pili nilikuwa nimeiahirisha mara mbili, mimi ninayewakumbusha wenzangu.) Lakini shangazi mtu ndiye wa kumpakata mtoto akinyolewa, ningekosaje? Nikampaka Salma poda, nikamvisha ushungi, tukaenda.

Uani palikuwa na moto wa masufuria ya pilau, jua la saa sita, watu wamebanana. Salma akatoka jasho, poda ikachuruzika, na kabla sijamvuta akainama akambusu mtoto niliyempakata.

"Shangazi mtu," akasema jirani yetu Bi Zuhura taratibu, upawa mkononi, "hebu mfute mwanao uso tuone."

"Ni joto tu, Bi Zuhura."

"Joto la kwangu mbona uliliandika kwenye daftari? Wajukuu zangu wako ndani tangu Jumatatu."

Kicheko kilianza, kikakatika, maana wifi yangu Mwanahawa alikuwa amesimama. Akamtwaa mwanawe mikononi mwangu, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nesi wa zahanati alimwangalia Salma, akasema ni surua. Sasa anapona, na jina lake nimeliandika mwenyewe. Sitabisha tena hodi kwa mtu na daftari kabla sijaanza na nyumba yangu.

Lakini yule mchanga hajafikia umri wa chanjo, na nesi alisema tumwangalie kwa wiki tatu. Leo ni siku ya kumi. Asubuhi kaka amepiga simu: mtoto anachemka, amekataa titi, wako njiani kwenda zahanati. Tangu hapo simu yake haipatikani.