Dawa ya Mafuta na Kibuyu cha Mama

Baba yangu alikuwa mwembamba kuliko mwanamume yeyote kijijini, kwa hiyo aliporudi kutoka Dar es Salaam akasema damu yake imejaa mafuta, watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa hofu haikuwa imenitoka tangu siku aliposhikwa na maumivu ya kifua kwenye shamba la kijiji, akakaa chini katikati ya mtama asiweze kuinuka.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa si mbali sana na Kiomboi, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Zamani baba aliendesha lori la serikali, na mkubwa wake wa kazi ndiye aliyemfanyia mpango wa kwenda kutibiwa huko mbali. Alirudi na makopo mawili ya vidonge vilivyong'aa kama mbegu za nyonyo, pamoja na karatasi ya maelezo. Niliwasomea yeye na mama. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Asiache hata akijiona mzima. Akisahau, asimeze viwili kwa mkupuo. Misuli ikimuuma bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, arudi hospitali haraka. Samli na nyama ya mafuta, marufuku.

Jambo hilo lilinikosesha raha kwa udadisi. Mafuta yanakaaje ndani ya mtu ambaye mbavu zake zinahesabika? Nilimimina supu kwenye glasi nikaiacha dirishani, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Juni, wenye upepo wake wa baridi, asubuhi niliikuta imefunikwa na tabaka jeupe. Nilitoboa kwa penseli, nikatazama namna lilivyopasuka. Juu ya kope za baba kulikuwa na vinundu vya manjano, vidogo kama punje za ulezi, na huko Dar es Salaam walimwambia kwamba hayo nayo ni mafuta. Kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo nilivitazama kwanza, nione kama vimepungua. Baba aliniuliza siku moja kama ninatafuta chawa.

Mama alichukua kazi ya dawa mikononi mwake. Samli aliigawa kwa jirani siku ileile. Baba akawa analetewa ugali wa mtama na mlenda usio na hata karanga, naye akala bila kunung'unika. Lakini kwetu dawa kali haimezwi na maji matupu. Tangu utoto wangu kila dawa ya mizizi ilitanguliwa na kijiko cha mafuta ya mkia wa kondoo, yalinde tumbo na kulainisha njia. Mafuta hayo hatukuyahesabu kuwa chakula. Hayakukaa jikoni na chumvi. Yalikaa chumbani kwa mama, ndani ya kibuyu, pamoja na mizizi yake. Mwanamke aliyetoka kujifungua alipewa, mwenye kikohozi alipewa. Basi jioni ya kwanza baba alipokamata kidonge, mama alileta kibuyu, akachota kijiko kilichojaa, baba akafungua kinywa kama mtoto.

Nililiona, nikataka kusema. Kumsahihisha mama mbele ya baba, tena kwenye kazi anayoijua tangu usichana wake, si jambo dogo kwetu. Lakini nisijifiche nyuma ya heshima. Ukweli ni kwamba wazo lilinijia likanivutia kuliko woga: nani atashinda, dawa au mafuta? Nilitaka kuona. Nikanyamaza, nikaendelea kuchungulia kope.

Miezi mitatu ilipita hivyo, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Damu yake ilichukuliwa ikapelekwa kupimwa mbali, na majibu yalipokuja tukaitwa hospitali sote watatu. Daktari alikuwa kijana, labda wa umri wangu.

"Shikamoo mzee. Mafuta hayakushuka," alisema. "Yamepanda. Dawa unameza kila siku?"

"Sijaruka hata siku moja."

"Na samli? Nyama ya mafuta?"

"Sili. Muulize mwalimu huyu, tunaishi naye."

Daktari akanigeukia. Nikasema ni kweli, hali vitu hivyo. Wala sikusema uongo, ila kibuyu sikukitaja.

Alichukua kalamu. Akasema huenda ikabidi dozi iongezwe, lakini dawa ile ikizidi inaweza kuumiza ini na misuli, hivyo baba atalazimika kuja kuangaliwa mara kwa mara. Nilitazama kalamu ile ikigusa karatasi, na bado ulimi wangu haukuinuka. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza la mwisho kabla ya kufunga faili:

"Huwa unaimeza na nini, mzee?"

Mama uso ukamng'aa. Tangu tufike hakuna aliyemuuliza chochote. Aliinama kwenye kikapu akatoa kibuyu, maana alikibeba kwa ajili ya dozi ya jioni njiani, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Daktari alinusa, akachovya kidole. Hakucheka, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Aliweka kalamu chini akamweleza mama polepole kwamba mafuta ni mafuta hata yakiitwa dawa, kwamba dozi itabaki ileile, imezwe na maji baada ya chakula, na kwamba chochote kingine baba anachopewa, mzizi au kidonge, yeye daktari aambiwe kwanza. Mama alikuwa akiitikia kila neno, "ndiyo bwana daktari," huku sauti ikizidi kushuka.

Tulikaa nje kusubiri basi. Mama alikuwa amekipakata kikapu. Mwishowe akanigeukia.

"Wewe uliyesoma ile karatasi. Hukujua?"

Ningeweza kusema sikujua. "Nilijua, mama," nikasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilitaka kuona kipi kitashinda."

Machozi yalimtoka akayafuta kwa ncha ya kanga, na mimi niliona haya ambayo sijapata kuiona tena maishani, maana yeye alikosea kwa kumpenda, nami nilikuwa nimemfanya baba yangu glasi ya supu dirishani. Basi lilikuwa linakuja. Baba alisimama, akakung'uta vumbi la suruali.

"Na ulitaka kipi kishinde?" aliniuliza.

"Dawa, baba."

"Basi ungeisaidia," alisema, bila hasira yoyote, akampokea mama kikapu wakapanda.