Ndoa ya Nakiru na Ardhi Iliyotetemeka

Jirani yangu Nakiru, muuza samaki wakavu katika soko la Lodwar, hana simile. Mteja akibonyezabonyeza samaki bila kununua, ataondoka amepewa maneno yake. Lakini jambo moja lilimnyima raha. Alikuwa amezaa na Ekaale, mwanamume wake, wajukuu wameshafika, na bado kimila hakuwa mke wa mtu. Kwetu Waturkana ndoa haijakamilika mpaka bwana harusi amchome fahali kwa mkuki mbele ya koo zote mbili. Kila Ekaale alipokaribia kutimiza mahari, ukame uliimaliza mifugo yake. Kwenye shughuli za ukoo Nakiru aliketi pembeni na wageni, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Mwaka huu mvua ilinyesha hadi Mto Turkwel ukafurika. Majani yakaota, mbuzi wakazaa, mahari ikatimia, fahali akapatikana. Baada ya mvua ikaja mitetemeko, midogo, ya kutikisa masufuria na kuwabwekesha mbwa. Mmoja ulitukuta asubuhi ya harusi yenyewe, fahali keshaletwa. Mabati yakalia, watoto wakapiga mayowe, na mimi, sifichi, nilitimua mbio nikaacha chai jikoni.

Lokorio, kaka mkubwa wa Ekaale, akainua fimbo. "Leo hapana. Ardhi imekataa hii ndoa. Tungoje mwaka ingine."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ekaale, mwanamume mzima na mkuki mkononi, akatazama chini. Nilitamani kumzaba kofi.

Binti yao Alek, mwalimu wa jiografia huko Kakuma, akamshika mama yake mkono. "Mama, ni maji tu. Mvua ilikuwa mingi, maji imeshuka mpaka kwa nyufa za mawe. Mawe inateleza kidogo. Na si chini sana, ndio maana tunasikia."

Nakiru alisimama, mafuta yakimetameta mabegani, shanga zimejaa shingoni, akamwendea Lokorio mpaka karibu wagusane pua.

"Shemeji, ejok?"

"Ejok," Lokorio akaitikia salamu kwa tahadhari.

"Mvua inatoka kwa nani?"

"Kwa Akuj." Mungu wetu yuko juu na mvua ndiyo baraka yake, hilo hata mtoto analijua.

"Na hii ng'ombe imenona na nini?"

"Na mvua."

"Sasa mvua ya Akuj imeingia chini, ardhi imeshtuka kidogo, wewe unaita laana? Miaka yote tunalilia mvua. Leo imefika mpaka ndani ya mawe, halafu unaifukuza?"

 Bibi mmoja akaangua kicheko, mwingine akapiga kigelegele.  Sababu ya kuahirisha harusi Lokorio angeweza kuipata, ila sababu ya kuikataa mvua hapa Turkana haipo. Akashusha fimbo.

"Ekaale, piga."

Ekaale alichoma mara moja tu. Fahali alipoanguka, ardhi ikatetemeka tena, na safari hii hakuna aliyekimbia. Vijana waliruka juu kwa wimbo na kutua kwa kishindo, hata sikujua tena mtetemo upi ni wa mawe na upi ni wa miguu. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka.

Lokorio mwenyewe ndiye aliyemkatia Nakiru kipande cha kwanza cha nyama. "Chukua, mke wetu."

Nakiru, ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi hata msibani, akakipokea kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, bila haya yoyote.