Kikwembe cha Maua Mekundu

Siku yangu ya kwanza kwenye vestiaire nilienda nimevaa viatu vya kisigino. Vestiaire kilikuwa chumba cha parokia yetu, hapa kwenye mtaa wetu uitwao Kenya, si ile nchi, ambako nguo kuukuu kutoka nyumba za mjini zilipangwa na kugawiwa wasio na kitu. Sisi wake za makarani tulifanya kazi hiyo bila mshahara, na mimi nilikwenda ili nionekane. Mamère msimamizi, mtawa Mzungu aliyezoea Kiswahili chetu, alinitazama miguu.

"Mama, hapa hatuna feti, hatuchezi ngoma. Vala tabliye."

Akanifunga aproni hiyo kiunoni, akaniweka meza ya kuchagua. Kuchagua ni kuinua nguo kwenye mwanga uone palipokonda, kunusa makwapa, kuvuta mshono kuupima nguvu. Isiyofaa kuvaliwa ilikatwa viraka. Nilijifunza upesi, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini nguo nzima nazo zilifika pale. Zangu zilikuwamo.

Baadaye mamère alinihamishia dirishani, kwenye kugawa. Siku moja akaja mwanamke wa Sakania, aliyemleta mumewe kutibiwa mjini. Alikuwa na kikwembe, kitenge cha kujifunga, kile alichovaa tu; akikifua, ilimbidi akae ndani mpaka kikauke. Nikampa kimoja cha maua mekundu. Kilikuwa changu. Nilikivaa arusini mara moja, nikamkuta mke wa karani mwingine amevaa kama hicho. Kesho yake nikakitia kwenye kapu la parokia.

Alikigeuza, akachunguza upindo, kisha akakirudisha mezani taratibu.

"Mama, mwenye hii kikwembe alikufaka lini?"

"Unauliza sababu gani?"

"Iko nzima. Kwetu nguo nzima inatoka kwa mufu. Unionyeshe jamaa yake, niende kuwapa pole mbele ya kuvala."

Wenzangu walikuwa wanasikiliza, na mamère pia. Ningesema sijui, yule mama angezunguka akitafuta matanga yasiyokuwapo.

"Hakuna mufu," nikasema. "Iko yangu."

Alinitazama bila hasira. Alitaka tu kuelewa. "Sasa ilikukosea nini?"

Nikamsogezea tena kile kikwembe. Alikunja kikwembe, akashukuru kwa mikono miwili, akarudi kwa mgonjwa wake.

Jioni nilimwambia mume wangu asininunulie kingine mwaka ule.

"Bantu ya ofisi batasema nimeshindwa kukuvalisha," akasema.

"Baseme."

Alininunia siku kadhaa. Mimi nikamwomba mamère anitoe dirishani, anipeleke meza ya kushona. Huko nilifundishwa kugeuza kola: unaifumua shingoni, upande uliochakaa unaingia ndani, ule mzima unatoka nje, unashona upya, na shati linaanza maisha mengine. Kila shati nililoshika nilimfikiria aliyelivaa, aliyelifua, aliyelichoka. Nilibaki meza ile mpaka macho yakakataa kuona tundu la sindano.

Sasa niko nyumbani. Wajukuu wananiletea bikwembe vipya kila sikukuu. Napokea kimoja, vingine nawarudishia, nao wanacheka wakiambiana, "Nyanya iko na choyo mpaka kwa mwili wake."

Sijapata kuwaeleza. Si choyo. Naona haya.