Ukuta wa Bi Maganda

Kazini walimwita Bi Maganda, wala hakununa, maana jina alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mwosha vyombo katika maabara iliyojaribu kugeuza mafuta ya kupikia kuwa dizeli. Kichocheo cha kununua, ule unga unaoyafanya mafuta yageuke, kilipokwisha, wasomi walishika tama. Yeye akachoma maganda ya mayai kwenye tanuri hadi yakawa unga mweupe, na mafuta yakatii.

Aliyeumia ni mumewe, fundi rangi mstaafu. Siku arobaini mfululizo alikula mayai asubuhi na jioni.

"Mama watoto," alilalamika, "nitaanza kutaga."

Jumatatu wakubwa wangekuja kutazama. Mafuta yakigoma, maabara ingefungwa, naye angerudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka kumi na tisa. Basi Ijumaa alibeba mtungi wa unga akauficha kabatini nyumbani kwake. Unga ule hunywa unyevu wa hewa, na kazini wapo watu ambao hawawezi kuona kifuniko wasikifungue.

Jumamosi alirudi kutoka sokoni akakuta ukuta wa mbele unang'aa. Mumewe alisimama na brashi, kifua mbele.

"Nimekuta chokaa kabatini! Nimeitia maji, ikachemka yenyewe. Tangu nianze kazi sijaona chokaa kama hii!"

Bi Maganda aliketi chini na kikapu chake. "Baba watoto, umeipaka kazi yangu ukutani."

Machozi yalimlengalenga. Kisha akautazama ukuta kwa jicho la mtu aliyezoea tanuri. Unga umekunywa maji, sawa, lakini ukichomwa upya si utayatema?

"Shika kikwangulio," alisema.

Mzee wa watu akakwangua kazi aliyojivunia kuliko zote, huku akiguna. Mkewe akauchekecha unga kuutoa mchanga wa ukuta, na Jumapili akaenda maabara kuuchoma upya.

Jumatatu mafuta yaligawanyika ndani ya chupa, dizeli juu, uteute mzito chini. Jenereta iliyotiwa dizeli hiyo ilikohoa mara mbili, ikanguruma. Bi Maganda alilia mbele za watu bila haya.

Jioni nyumbani alimkuta mumewe ameukodolea macho ukuta uliojaa mabaka.

"Imewaka?"

"Imewaka. Sasa wanataka kilo kumi za unga kila mwezi."

Mzee aliinuka. Akaingia jikoni, akabandika sufuria kubwa.

"Tuanze na mayai mangapi?" akauliza.