Jina la Mwenza

Nilirudi Ifakara na digrii, na kwa kuwa sikuwa na kazi, nikapewa kazi ya kuelewa karatasi. Baba alikuwa amebakiza miezi michache astaafu ualimu. Mama anahudhuria kliniki ya presha kila mwezi, na dawa zake hutoka kwa bima ya baba. Swali la nyumba nzima lilikuwa moja: baba akistaafu, kadi ya mama itaendelea?

"Si wewe umesoma?" baba aliniambia, akinikabidhi bahasha ya kaki. "Haya, soma."

Nilisoma mara nyingi mno. Fomu iliyokuwamo ilisema "mwanachama mstaafu na mwenza wake". Mstaafu ni aliyekwisha kustaafu, au hata anayekaribia? Tukienda mapema, si tutaambiwa baba bado? Tukichelewa, si tutaambiwa ameshatoka kazini? Nilimuuliza mama anaonaje. Alikuwa anapepeta mchele.

"Mimi naona unakonda tu," alisema.

Tulienda ofisi ya bima watatu kwa bajaji, mvua ikinyesha. Mama alibaki kwenye benchi barazani kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Ndani, dada wa dirishani alimwamkia baba shikamoo, akapokea kadi ya mama, akatazama kompyuta, akaitazama tena kadi.

"Mwalimu, kwenye jina la mwenza uliandika Mama Fulani." Huyo "fulani" alikuwa mimi, alilitaja jina langu lote. "Hilo si jina la mtoto?"

"Ndilo, la huyu hapa. Mwenza ni mama yake."

"Sasa yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Baba aligeuka kunitazama. Baba ni Mpogoro wa malezi ya zamani. Tangu nipate akili sijawahi kumsikia akimwita mama kwa jina lake. Siku aliyojaza fomu ya kujiunga na bima, miaka mingi iliyopita, aliandika kama anavyomwita. Hospitalini hakuna aliyeshangaa, maana manesi nao humwita hivyohivyo. Nikaanza kuona kwamba kosa ni langu, kwa kuzaliwa wa kwanza.

"Kwenye uhakiki wa wastaafu hili halipiti," dada alisema. "Mwenza lazima alingane na cheti cha ndoa. Hapa ni kama huna mke, mwalimu."

Mzee mmoja wa Kisukuma nyuma yetu kwenye foleni akaangua kicheko. "Miaka yote hiyo umepikiwa na nani, mwalimu?"

Nilitoa cheti cha ndoa cha parokia. Mafuriko ya miaka ya nyuma yalikuwa yamekilowanisha, na jina la mama lilibaki kama kivuli cha wino. Nikataka kulitaja mimi, nikasita. Lianze la ubatizo au la nyumbani? La ukoo ni la babu au la baba?

"Mwache mwanachama aseme mwenyewe," dada alinikatiza.

Baba alisema kitu kwa sauti iliyoishia kifuani.

"Sijasikia, baba yangu," dada alisema.

Alikohoa. Kisha akayaita majina ya mama, yote matatu, kwa sauti ile anayoitia mahudhurio darasani.

"Abee!" ikajibiwa kutoka barazani.

Mama alichungulia mlangoni, kanga imemlowa begani. "Nani kaniita?"

"Mumeo," yule mzee alimjibu. "Leo ameamua."

Baba alikuwa anachunguza bahasha kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Tulitumwa parokiani tukachukue nakala inayosomeka. Tuliporudi nayo, dada alisema jina limekubali, na baba akistaafu alete barua yake tu. Hiyo "tu" bado inanisumbua. Barua ipi? Aliyoandikiwa, au atakayoandika yeye? Sikuuliza, na sijui kwa nini sikuuliza.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza mama kliniki, na kadi yake mpya yenye majina yake matatu mkobani. Nesi alitoka na faili, akaita jina. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, akaanza kulirudisha faili chini ya mengine. Mama alikuwa ametulia, mikono mapajani, akimsubiri huyo anayeitwa aitike.

Nikamgusa bega. "Mama, ni wewe."

"Ala!" alisema, akiinuka taratibu. "Nilidhani ni mtu mwingine. Ile si sauti ya baba yako."