Futikamba Mkononi mwa Hasabu

Kwa miaka thelathini, hakuna ngamia aliyeingia mbio za Tambul kabla Dafallah hajamtazama. Alimzunguka mara moja tu, akakagua bega, shingo na miguu, kisha akatamka: Anafi, wa mbio, au Arabi, wa mizigo. Neno lake lilikuwa la mwisho. Mwaka huu kamati ilitaka vipimo, na futikamba ikakabidhiwa binamu yake Hasabu, aliyehudhuria mafunzo ya siku tatu.

Dafallah alifika mapema, akachagua pa kukaa. Kila Hasabu aliposoma namba, wachungaji wazima walinyamaza kama wanafunzi. Hilo lilimchoma Dafallah.

"Karibu ujifunze, binamu," Hasabu alimwita. "Macho yapumzike sasa."

"Endelea kushona, fundi. Huyo mteja anataka kanzu ya mikono mirefu."

Watu walicheka, lakini Hasabu ndiye aliyebaki na futi.

Kwa ngamia wa kwanza tu Dafallah aliliona kosa. Kifua hupimwa nyuma ya miguu ya mbele, nundu ikiachwa kando. Hasabu alipitisha futi juu ya nundu. Mvua zilikuwa njema na nundu zimejaa mafuta, hivyo ngamia wepesi walisomeka wazito. Anafi watatu waliandikwa Arabi, wakatolewa mbioni. Dafallah akaagiza kahawa, akainywa polepole.

Wa nne alikuwa mtamba wa dada yake Batul, mjane asiye na ngamia mwingine.

"Mia mbili kumi na tisa," Hasabu alisoma. "Arabi."

"Arabi? Mama yake alishinda hapa hapa." Batul akageuka. "Kaka, na wewe umekaa tu?"

Dafallah aliinuka, akaichukua futi.

"Unapima mafuta, Hasabu. Kifua kiko huku."

Mia moja themanini na nane, kipimo cha Anafi. Hasabu alirudia mwenyewe, akapata ileile.

"Ni kweli, nimekosea," alisema. "Waiteni wale watatu."

Batul hakumshukuru kaka yake. "Uliona tangu wa kwanza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Wenye wale watatu walikuwa karibu, wakasikia. Waliwarudisha ngamia wao kwa Hasabu, aliyekosea, wakampa mkono. Dafallah walimpita bila salamu.