Wa Mwisho, Subiri

Yule karani wa chai sijamsamehe mpaka leo, na sina haraka. Miaka ya sitini, kabla hajaletwa kituo chetu kule Gesima, mambo yalikuwa rahisi. Ukifika unatua kikapu nyuma ya kilichokutangulia, nacho kinakushikia zamu. Hata ukienda kunyonyesha, hakuna wa kukuruka.

Yeye akaja na yake. "Hapa tunafuata namba za wakulima, kuanzia ndogo." Baba alikuwa amewaandikisha wake zake siku moja, mama mkubwa kwanza, kisha mama yangu, na baada ya mama hakuandikishwa mtu tena. Basi kila siku mama alisikia, "Wa mwisho, subiri," huku majani yake yakishika joto na kuwa mekundu. Yalipokataliwa mara ya kwanza, karani akamwonya, "Yakirudi tena, namba yako nafuta." Mama mkubwa alicheka akajishika mbavu. "Kawape ng'ombe!" Nilimchukia, wala sikuficha.

Mama akamsihi karani kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, siku moja tu aanzie mwisho.

"Haya. Kesho naanzia mwisho."

Maskini mama, akaamini. Akanituma mbele na kikapu kitupu nikamshikie nafasi, maana kwetu kikapu ni mtu. Karani alianza mapema kuliko siku zote. Alimwita mama akiwa bado anapanda kutoka mtoni na mzigo mgongoni.

"Yule pale anakuja!" nikapiga kelele. "Na kikapu chake hiki hapa!"

Akakipiga teke. "Kikapu hakina namba. Aliyekosekana atangoja wote waishe."

Akamwita mama mkubwa, naye akapita akiringa. Zamu ya mama ilipofika jioni, karani alitia mkono kwenye majani, akasonya, akayamwaga matopeni. Namba akaifuta palepale. Mama hakulia. Mimi nililia kwa hasira.

Siku iliyofuata karani alirudia kuanzia ndogo. Mama alikwenda kituoni mikono mitupu, akasimama kando ya barabara. Wote wakapimiwa, akabaki mama mkubwa peke yake, akigeuzageuza majani yake yasishike joto. Mama akamsogelea. Nyumbani hawakuwahi kusemezana ila kwa Kikisii, lakini siku hiyo alimwambia kwa Kiswahili, taratibu, kila neno mahali pake:

"Wa mwisho, subiri."